Bei ya Mkono

Kwetu mshonaji hapangi bei ya kazi yake mwenyewe. Akimaliza mfarishi anaukunjua juu ya meza, anatoka nje, anakaa kwenye benchi la Fundi mwenye duka, na wenzake wanabaki ndani kupanga. Kanuni hiyo niliileta mimi tulipoanza. Nilikuwa nimeona kwamba mwanamke akiulizwa kazi yake ni bei gani, ama ataona haya ataje bei ya kutupa, ama atakumbuka sindano zilivyomchoma ataje bei ya kiwanja. Wenzake wanaiona kazi vizuri kuliko yeye.

Labda nieleze mfarishi wenyewe, maana siku hizi wengi wanalala na mablanketi ya dukani. Ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna viraka vilivyokatwa na kuunganishwa kwa mpango, chini kuna bitana, katikati imetandazwa pamba. Halafu tabaka zote zinashikwa pamoja kwa mshono wa mkono, mstari baada ya mstari, ili pamba isikimbie. Mshono ukiwa mdogo, pamba inatulia mahali pake hata ufue miaka na miaka. Mshono ukiwa mpana, pamba inajikusanya pembeni kama paka aliyelala, na wewe katikati unabaki na nguo mbili tupu.

Kwa hiyo bei yetu ina mafungu matatu: nguo, pamba na mkono. Nguo na pamba zina bei zake sokoni, hakuna wa kubishana. Ubishi wote ni wa mkono. Hapo ndipo wenzangu hupandishiana sauti, na Fundi kule mbele hupunguza redio ili asikie vizuri.

Chumba chetu kiko nyuma ya duka lake la kushonea. Yeye ana cherehani, sisi tuna sindano, na mifarishi yetu huitundika mlangoni kwake na kutuuzia. Ndani tuko wanne. Kuna wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye hajanyamaza tangu nilipoolewa. Kuna Mwalimu, aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kutusahihisha. Kuna Kicheko, mdogo wetu, niliyemfundisha mwenyewe kushika sindano. Jina hilo alilipata kwa haki yake. Na mimi.

Macho yangu yalianza kwa ukungu mwembamba, kama kioo kilichopumuliwa. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na matone aliyonipa ni ya kulinda kilichobaki. Nilijiambia vidole navyo vinaona, nikaendelea kushona.

Wenzangu walinipanga upya bila mtu kutoa tangazo. Siku moja nilifika nikakuta kiti changu kimehamia karibu na mlango, kwenye mwanga. Wifi akaanza kunichagulia viraka na kuvishikiza kwa pini, kila kimoja mahali pake, nami nikawa nafuata pini. Kicheko naye, kila asubuhi, kabla hata ya kuweka mkoba chini, anatunga uzi kwenye sindano zangu na kuzichomeka kwenye kimto kando yangu, safu nzima. Sikuwahi kumwomba, naye hakuwahi kulitaja jambo hilo.

Mwanangu anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na mke wake na watoto wao. Ni mtoto mwema. Kila Jumapili hunipigia simu, na kila Jumapili ni wimbo uleule: Mama, njoo ukae na sisi, unasubiri nini huko peke yako? Siku moja alipiga katikati ya wiki nikiwa kazini. Nilimwomba Kicheko aiweke simu kwenye spika, maana vile vitufe sivioni. Nikamwambia mwanangu waziwazi:

"Siku kazi yangu isipouzika, nitakupigia mwenyewe uje unichukue. Kabla ya siku hiyo usinisumbue."

"Ni ahadi, Mama?"

"Ni ahadi. Mimi sili vya bure."

"Vya bure kwa mwanao?"

"Hata kwa mwanangu."

Chumbani wote walisikia.

Sikutaka kwenda. Nyumba ya mwanangu nimewahi kukaa mwezi mzima. Ni nzuri, na mkwe wangu hana neno, lakini kule mimi ni mgeni wa kuwekewa mto mgongoni na kuulizwa kama nimeshiba. Hapa nina chumba changu, nalipa kodi kwa kazi yangu, najua ni ngazi ipi imevunjika na ni jirani yupi amenuna. Hapa ninahitajika kufika asubuhi.

Na mifarishi yangu ilikuwa inauzika. Hilo ndilo lililonipa kichwa. Namaliza mmoja, natoka nje, wanapanga bei, Mwalimu ananitajia, na bei ya mkono ni ileile ya miaka yangu mizuri. Haupiti muda mrefu, Fundi anaita: "Bibi, wako umeondoka!" Ananiwekea pesa kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake. Ya wenzangu inaning'inia pale mlangoni mpaka inapigwa na vumbi, wangu unaondoka. Nikaanza kuringa kidogo.

"Unaona?" nilimwambia Kicheko. "Watu bado wanaijua kazi."

Kicheko, ambaye hucheka hata mtu akipiga chafya, siku hiyo hakucheka. Nilidhani jino linamuuma.

Kisha Wifi akaugua homa. Anakaa jengo moja na mimi, mlango wa tatu kutoka kwangu, na wanawe wote wako mbali. Nilifunga chumba nikapapasa ukuta mpaka kwake. Nilimkuta kitandani, pazia limeshushwa, meno yanagongana.

"Wifi, nakufa."

"Hufi. Ukifa wewe, nani atanisema?"

"Nimekusema miaka yote hiyo na hujabadilika. Bora nipumzike."

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza. Nipe blanketi kabatini. La juu. Chini usiguse, kumejaa takataka."

Nilimpa la juu. Nikakaa kando yake, nikamkandakanda miguu. Alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Blanketi lile lilikuwa jepesi, la kizee kama mimi. Nikasema liwalo na liwe, nikarudi kabatini, nikainama, nikaingiza mkono chini. Vidole vikagusa viraka.

"Kumbe una mfarishi na unajitesa na baridi!"

"Wifi, uache huo."

"Niuache wa nini?"

Nilimtandikia, na nilipokuwa nikiulainisha juu yake, kiganja kikafanya kazi yake bila kutumwa. Mtu aliyeshona muda mrefu hawezi kuupitisha mkono kwenye mfarishi asiukague. Chumba kilikuwa cha giza na rangi sikuziona, lakini mshono niliupata.

"Huu umenunua wapi?"

"Sokoni."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja tu."

"Basi huyo mama amekuona mjinga. Wewe, unayekaa na washonaji kila siku! Shika hapa. Mshono huu kuku anapita katikati bila kuinama."

"Wifi, nina homa."

"Najua una homa, ndiyo maana nakuambia, pamba yote imekimbilia miguuni. Tazama, hapa kifuani hamna kitu. Na mstari huu umeanza vizuri ukaenda kutembea, ukarudi ulivyotaka wenyewe." Nilikuwa nacheka. Nilidhani namchangamsha mgonjwa. "Ni mwanafunzi huyu. Ana viraka vizuri, aliyempangia ana jicho, lakini sindano bado haijamkubali. Ulimlipa ngapi?"

Akakohoa.

"Ungeniuliza mimi ningekuambia. Nguo ulipe. Pamba ulipe. Mkono usilipe. Hapa mkono hamna."

Wifi aligeukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika chini ya kiganja changu, nami nikadhani ni homa imepanda tena. Nikauvuta mfarishi umfike shingoni. Ndipo vidole vyangu vikafika kwenye pembe.

Wenzangu wote huanza mstari kwa fundo. Mimi sifungi fundo. Mama yangu alinifundisha kuanza kwa kurudi nyuma mara mbili juu ya mshono uleule, uzi ujishike wenyewe, kusiwe na kidonge cha kumkwaruza mtu usingizini. Nilimfundisha Kicheko akashindwa, akarudia mafundo yake. Sijamwona mtu mwingine anayeanza hivyo.

Nilipapasa pembe ile. Nikapapasa mwanzo wa mstari uliofuata, na uliofuata. Kila mmoja ulikuwa umerudi nyuma mara mbili.

Nilikaa kitandani miguuni pa Wifi, mkono wangu juu ya mfarishi, na kwa muda fulani nilichosikia ni pumzi yake tu na mtu anayefagia ngazi. Halafu niliinuka nikachemsha chai, kwa sababu mgonjwa lazima anywe kitu cha moto. Nilimwinua, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.

"Wifi," nilisema.

"Abee." Haniitikii hivyo kamwe.

"Mingine iko wapi?"

"Mingine ipi?"

"Usinizungushe. Mimi ni mkubwa."

Akavuta pumzi. "Mmoja uko kwa Mwalimu. Kicheko anao, wanalalia watoto. Mwingine Fundi anao nyuma ya cherehani, anajipumzishia mchana."

"Hakuna hata mmoja uliouzika?"

"Ule wa kwanza ulikaa mlangoni, Wifi. Watu wanaugeuza, wanaurudisha. Fundi akaja kutuuliza atakuambia nini. Nasi tulikuwa tumesikia ile ahadi yako kwa mwanao. Tukasema tuchange tununue huu mmoja, labda mwingine utatoka vizuri."

"Na mwingine haukutoka vizuri."

"Hapana."

"Na ile bei ya mkono mliyokuwa mnanitajia?"

"Tungeishusha ungejua." Akaanza kulia sasa bila kujificha, kwa sauti ya mtu mwenye makamasi. "Ungekwenda. Unafikiri nilikuwa nakuonea huruma? Nilikuwa najionea mimi. Ukienda mimi nigombane na nani? Mwalimu ukimsema anakusahihisha sarufi."

Nilimpangusa uso kwa upindo wa shuka. Sijui mtu anapaswa kuhisi nini. Nilihisi aibu ya moto kabisa, nikikumbuka nilivyoringa kwa Kicheko. Nilihisi pia uzito wa mikono yote ile iliyokuwa imeninyanyua bila mimi kujua: Mwalimu na pensheni yake ya kubana, Kicheko na watoto wake, Fundi na cherehani yake ya mkopo. Walijinyima ili niamke asubuhi nikiamini nina kazi. Sikuweza kuwakasirikia. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningeweza.

Lakini kilichoniuma zaidi kuliko yote ni kwamba niliujua ukweli kwa kinywa changu. Nilikuwa nimeushika mfarishi ule nisiujue, nikaupima kama ninavyopima wa mtu yeyote, na hakuna aliyewahi kunipangia bei ya haki kuliko ile niliyoipanga mwenyewe nikicheka.

Wakati ule nilikuwa na mfarishi mkononi, umebaki kidogo kwisha. Niliumaliza. Nilishona polepole kuliko nilivyowahi kushona, nikiupima kila mshono kwa ukucha. Nikikuta umepanuka nafumua, narudia. Nilifumua sana. Kicheko aliendelea kunitungia sindano asubuhi, na nilijua kutokana na ukimya wake kwamba Wifi amemweleza. Fundi akawa anapita kando yangu kwa kunyata, kama mtu aliyevunja kitu cha wenyewe.

Wifi alipopona, mfarishi ulikuwa tayari. Niliukunjua juu ya meza. Mwalimu akasubiri nitoke. Sikutoka.

"Dada," akasema, "kanuni."

"Naijua kanuni, niliileta mimi. Leo nakaa."

"Mshonaji akikaa ndani watu hawasemi kweli."

"Nimekaa nje, mmesema kweli?"

Nikavuta kiti nikaketi mezani pamoja nao. "Nawashukuru," nikasema. "Nawashukuru wote, na Fundi huko mbele unayejifanya husikii, nakushukuru. Mlichonifanyia sitakisahau. Lakini nataka kujua niko wapi. Nguo ngapi?"

Mwalimu alitaja. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Pamba?"

Akataja.

"Mkono?"

Kicheko alianza, "Bibi, huu umekaza, kweli, huu ni bora kuliko—"

"Sikukuuliza bora kuliko upi. Mkono ngapi?"

Nilisikia viganja vya Mwalimu vikipita kwenye mfarishi, taratibu, upande mmoja hadi mwingine, na vidole vikisimama hapa na pale. Alitumia muda. Nilimshukuru kwa muda huo. Hakuna mtu anayetumia muda mrefu hivyo kwenye kitu ambacho hakiheshimu. Mwishowe akasema, "Bei ya mwanafunzi."

Kwetu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa nusu ya nusu ya mkono. Kicheko alianzia hapo, nami ndiye niliyempangia.

"Wifi?" niliuliza.

"Mimi nina mafua, siwezi kupima."

"Wifi."

Aliuvuta mfarishi kwake. "Bei ya mwanafunzi," akasema. "Na ile siku ulisema hamna kabisa. Hapo ulinidanganya, Wifi. Upo. Ni mdogo tu."

"Kicheko?"

Kicheko alikuwa analia. Nadhani aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba sioni, akasema, "Ni hiyohiyo, Bibi. Nisamehe."

"Umesema kweli. Nikusamehe nini?"

Fundi aliutundika mlangoni kwa bei hiyo. Jioni ileile alipita mlinzi mmoja anayelinda maghala, akiwa njiani kwenda kazini. Nilikuwa kwenye benchi, karibu kabisa. Aliushika, akauliza bei, akatajiwa, akauliza kama ni kweli. Fundi akamwambia kweli, na kwa nini: mshono wake ni mpana, pamba itasogea.

"Haina shida," mlinzi akasema. "Ikisogea nitairudisha. Kule lindoni baridi haiulizi mshono." Kisha akanigeukia, sijui alijuaje. "Ni wako, mama? Ahsante. Kwa bei hii mimi nimepata."

Hakuomba apunguziwe. Alilipa, akajifunga nao begani, akaenda. Ulikuwa mfarishi wangu wa kwanza kuuzika kweli baada ya muda mrefu, na nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini nilizijua hesabu kabla Fundi hajaniwekea pesa kiganjani. Kwa bei ya mwanafunzi, na kwa mwendo wangu wa kufumua na kurudia, ningepaswa kumaliza mifarishi mingi kwa mwezi ili kulipa kodi tu, achilia mbali chakula. Hata nilipokuwa kijana sikuweza kasi hiyo.

Wifi alinisindikiza nyumbani akiwa amenishika mkono, akinisema njia nzima: kwamba natembea kama bata, kwamba kaka yake alioa kwa macho yaliyofumbwa. Tulipofika mlangoni kwangu alinyamaza. Alijua nitafanya nini.

"Usipige leo," akasema.

"Nisipopiga leo, kesho mtachanga tena."

"Tutachanga, ndiyo. Kwani vibaya?"

"Kicheko ana watoto, Wifi."

Kisha akaingia nami, akaishika simu, akatafuta jina la mwanangu, akabonyeza, akaniwekea sikioni. Akakaa kitandani kwangu asubiri.

Mwanangu alipokea upesi. Haikuwa Jumapili, kwa hiyo aliogopa.

"Mama? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Njoo unichukue."

Nilisikia mtoto akimwuliza ni nani, naye akimwambia ni Bibi. Aliporudi, sauti ilikuwa imelainika, na hakuniuliza sababu. Nadhani aliikumbuka ahadi, akanisitiri.

"Nitakuja Jumamosi, Mama. Chumba chako kiko tayari zamani. Tulikipaka rangi ile uipendayo. Na kina dirisha kubwa, linatazama mashariki. Utapata mwanga mzuri wa kushonea."

Wifi alisikia. Akashika goti langu, akalikaza.

"Ahsante, mwanangu," nikasema. "Mmefanya vizuri sana."